Mchungaji wa Viazi



Viazi mviringo tunavyolima Umalila, Rungwe na Mufindi asili yake ni Amerika ya Kusini. Hata Ulaya vilikuwa zao geni. Leo tuone vilivyoenea nchi ya Norway, yenye baridi kali.

Zamani wakulima wa huko walitegemea nafaka. Baridi ikiharibu nafaka, njaa iliingia. Viazi vilikuwapo, lakini wengi hawakuvijua au walivitilia shaka.

Peder Harboe Hertzberg alikuwa mchungaji wa kijijini, mahali paitwapo Finnås. Mwaka 1763 alitoa kitabu kidogo. Kiliwafundisha wakulima kupanda viazi na kuvitumia. Wachungaji wengine nao walihimiza zao hilo. Watu wakawaita "wachungaji wa viazi".

Mwaka 1807 vita ilifika. Manowari za Waingereza zilizuia meli za nafaka kutoka Denmark. Njaa ikawa kubwa. Ndipo wengi wakapanda viazi kwa bidii.

Lakini zao moja halitoshi. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ulivamia viazi vya Ireland. Maskini wengi walitegemea viazi tu. Katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Kwa hiyo, ndugu, lima viazi, lakini usiache mahindi na maharage.

Angalieni pia mbegu. Wengi wetu huuza viazi vikubwa na kubakiza vidogo kuwa mbegu. Mara nyingi vidogo hivyo vimetoka kwenye mashina yenye ugonjwa. Ukivipanda, umepanda ugonjwa. Fanya hivi:

1. Viazi vikitoa maua, chomeka kijiti kando ya kila shina zuri lisilo na ugonjwa.

2. Wakati wa kuvuna, chimba kwanza mashina yenye vijiti. Chagua yaliyozaa vizuri. Hiyo ndiyo mbegu yako.

3. Weka mbegu mbali na viazi vya kula.

4. Msimu ujao usipande viazi pale pale. Panda mahindi au ngano.

Kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, hutoa aina mpya za viazi. Norway na jirani zake walisaidia kukijenga. Ukipata mbegu mpya, usibadili shamba zima. Panda matuta machache kando ya mbegu yako ya zamani. Vuna, pima, linganisha. Kisha amua mwenyewe.

Bwana Shamba