Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya: Kuzalia Nyumbani Mkotokuyana

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Mama anayezalia nyumbani katika kata ya Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, kwa kawaida si mama aliyeikataa hospitali. Kadi yake ya kliniki ipo, na imejazwa. Nchini Tanzania kote karibu wajawazito wote huhudhuria kliniki angalau mara moja, lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015–16 ulikuta uzazi 63 tu katika kila 100 ukifanyika kituoni. Ule wa 2022 ukakuta 81. Ongezeko hilo lilistahili makofi, na makofi yalipigwa. Barua hii inawahusu waliobaki.

Sababu inayotangulia zote ni umbali. Sensa ya kaya 226,000 iliyofanyika 2007 katika wilaya tano za kusini, Nachingwea na Ruangwa zikiwemo, ililinganisha vifo vya uzazi na umbali wa makazi kutoka hospitalini. Kwa wanawake walioishi ndani ya kilomita 5, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na matatizo ya uzazi vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa walioishi zaidi ya kilomita 35 vilikuwa 422. Wanawake ni wale wale, wa kusini ile ile. Kilichozidi ni njia. Mwanamke mwenye afya njema akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na saa mbili kwenye udongo wa masika hazimfikishi mbali.

Kisha kuna kalenda ya fedha, ambayo haimo kwenye mabango ya uhamasishaji. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Uchungu wa Februari au Machi huikuta nyumba haina kitu, chakula cha msimu uliopita kinakwisha, familia iko shambani, na bodaboda wa usiku amepandisha nauli kwa sababu ya tope. Huduma kwa wajawazito ni bure kisera. Glovu, wembe, pamba, mpira wa kuzalia na kanga safi mara nyingi huja na mama mwenyewe, na asiyekuwa navyo hukaribishwa kwa maneno ambayo hatapenda kuyasikia tena. Mume au mama mkwe huwa na kauli ya mwisho, hilo ni kweli, ila hata wao hupiga hesabu hiyo hiyo.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, ambao Wizara huuita ukosefu wa elimu. Mwandishi wa barua hii alimzika binti wa dada yake, aliyejifungulia pale pale sera inapotaka: kituoni, mikononi mwa nesi. Kituo hicho hakitajwi hapa. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likagoma, damu ikaanza. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeoshwa vizuri. Halikuwa na mafuta. Ndugu waliambiwa wachangie dizeli, wakaanza kugonga milango usiku. Saa mbili zilikwisha kabla ya mchango kutimia. Wajawazito waliohudhuria matanga yale walipata elimu kamili bila kipaza sauti wala semina: ukizalia kituoni, ukatokwa na damu, bado utasubiri dizeli. Anayebaki kwa mkunga wa jadi baada ya kuyaona hayo anakosea kitabibu, maana mkunga hana sindano ya kuzuia damu. Lakini mjinga si yeye.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007–2017 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Muda wake ulikwisha zamani. Mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, uliozinduliwa kitaifa 2022 kwa namba ya bure 115, umelielewa tatizo vizuri zaidi, kwa kuwa dereva wa jamii hulipwa kwa safari na familia haiombwi kitu. Unahitaji mtandao wa simu na barabara inayopitika, vitu ambavyo havipatikani kwa kupiga 115. Na zahanati yenye nesi mmoja, isiyo na taa wala jokofu la kutunzia oksitosini, sindano ya kuzuia damu, kati ya nyuzi 2 na 8, inaongeza takwimu za uzazi wa kituoni bila kumwongezea mama usalama.

Kwa heshima zote, Wizara ianze na palipo rahisi. Faini wanazotozwa waliozalia nyumbani katika baadhi ya vijiji zifutwe. Zinamfanya mama afiche hata damu inayomtoka. Nyumba za mama ngojea zijengwe karibu na hospitali, zenye chakula, kwa wanaotoka mbali wakati wa mvua. Nesi wa pili apelekwe kabla ya bango jipya. Dizeli ya gari la wagonjwa itengewe bajeti yake kwa lita, ikaguliwe kwa lita, na daftari la safari za gari hilo liwekwe pale mapokezi, mahali ambapo ndugu wa mgonjwa wanaweza kulisoma.