TAMKO LA TAWI: FAIBA TUNAITAKA, KUFUNGWA HATUTAKI

Ndugu wanachama wa tawi, Mikumi na wenzetu wa Kilosa mjini mlio kwenye orodha hii:

Tunaanza kwa kukiri kosa. Majuma matatu yaliyopita tawi lilisambaza humu humu namba ya simu ya wakala aliyekuwa akiandikisha nyumba za kuunganishwa na intaneti ya faiba. Hatukumuuliza maswali. Tulifurahi tu kwamba hatimaye kuna mtu ameleta habari ya faiba huku kwetu. Wanachama kadhaa wakamtumia pesa "ya kushika nafasi" kwenye namba yake binafsi. Wachache wamefungiwa ruta yenye laini ya simu ndani yake na kuambiwa hiyo ndiyo faiba. Waliobaki hawajamwona fundi hadi leo.

Jumapili iliyopita kamati iliombwa igonge muhuri wa tawi kwenye orodha ya pili ya wakala huyohuyo, eti mambo yaende haraka. Kamati imekataa. Baadhi yenu mmekasirika, na mna haki ya kuelezwa. Tamko hili linaeleza kwa nini tumekataa, na nini tufanye badala yake.

*MKONGO UNAPITA, KITUO HAKUNA*

Wengi wanauliza: mbona tunaambiwa Mkongo wa Taifa umepita hapa, halafu nyumbani hakuna kitu? Swali ni zuri. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, mwaka uleule ambao kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam. Ya EASSy ikafuata mwaka 2010. Njia mojawapo ya mkongo inatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma mpakani na Zambia. Anayeijua barabara ya Iringa anajua maana yake: unapita mlangoni petu.

Lakini mkongo ni kama basi la Mbeya linalopita hapa usiku. Taa unaziona, mlio unausikia, ila kama hakuna kituo halikuchukui.

Kituo cha faiba ni hiki: kwanza mtambo kwenye jengo lenye umeme wa uhakika. Kutoka hapo waya unatandazwa mtaani. Juu ya nguzo kunafungwa kisanduku cha mgawanyo, na kutoka kwenye kisanduku unatoka waya mwembamba hadi kwenye kifaa cha ukutani kwako. Waya mmoja unaotoka kwenye mtambo hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, na kwa kawaida mwanga wake hufika umbali wa kilometa 20 hivi. Kwa hiyo mtambo wa Morogoro mjini hauwezi kuhudumia nyumba za Mikumi. Lazima mtambo uwe karibu, na visanduku viwe mtaani.

Hapo ndipo kampuni inapopiga hesabu. Kilometa moja ya nguzo na waya yenye nyumba hamsini zinazolipa kila mwezi ni biashara. Kilometa hiyohiyo yenye nyumba nne ni hasara. Ndiyo maana mtu mmoja mmoja akipiga simu anajibiwa "eneo lako bado". Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayetaka faiba kijijini lazima atafute jirani zake kwanza.

*KWA NINI TUMEKATAA MUHURI*

Sababu ya kwanza: tawi la chama si wakala wa kampuni yoyote. Muhuri wetu ukiwa kwenye fomu ya biashara, mwanachama akitapeliwa atatudai sisi, na atakuwa sahihi.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Orodha ile ilitaka kila nyumba ikubali kampuni moja tu, kwa mkataba mrefu, bila kutaja namna ya kutoka.

Kumbukeni simu za mkononi. Tangu tarehe 1 Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao mmoja kwenda mwingine na namba yake ileile. Kampuni ikikuudhi, unahama. Kwenye faiba ya nyumbani mambo si hivyo. Waya uliofika kwako ni wa kampuni, na mara nyingi kifaa cha ukutani nacho ni cha kampuni. Ukihama, mpya anakuja na waya wake na kifaa chake, kama yupo. Na kama nguzo za mtaani zimefungwa kwa mmoja, mpya haji kabisa.

Mkulima yeyote wa ufuta au mbaazi katika wilaya hii anajua maisha ya mnunuzi mmoja. Bei anapanga yeye, siku ya kulipa anapanga yeye, na ukilalamika anakuambia kauze kwingine huku akijua kwingine hakuna. Hatutaki kuujenga utumwa huo upya kwa mikono yetu, safari hii kwa waya wa kioo.

Na sheria haituachi wapweke. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 kuna kanuni za mwaka 2018 zinazohusu kampuni kutumia miundombinu kwa pamoja. Nguzo moja inaweza kubeba waya wa zaidi ya kampuni moja. Hili tunapaswa kulidai kabla nguzo hazijasimikwa, maana baada ya hapo tutakuwa tunaomba.

*"HUU SI UANASA?"*

Mzee wetu mmoja alisimama kikaoni akasema: "Maji hayajatoka siku nne, ninyi mnadai intaneti." Hatumpingi kuhusu maji. Maji ni kwanza, na tawi halitaacha kuyadai. Lakini tuangalie maisha yalivyo sasa. Zabuni za halmashauri zinaombwa kwenye mfumo wa NeST. Mkopo wa elimu ya juu unaombwa mtandaoni. Tiketi ya treni ya SGR inayosimama Kilosa inanunuliwa mtandaoni. Mwenye nyumba ya wageni hapa Mikumi anapata mgeni wa hifadhi kwa simu yake, au anamkosa kwa sababu picha hazikufunguka.

Familia nyingi tayari zinalipia intaneti, ila zinalipia vipande vipande: bando la baba, bando la mama, bando la kijana wa chuo. Tunaomba kila mwanachama afanye hesabu moja rahisi. Mwezi huu andika kwenye daftari kila bando linalonunuliwa nyumbani kwako, kisha jumlisha. Hapo ndipo utajua kama faiba ni anasa kwako au la. Kwa mwingine hesabu itasema abaki na bando, na hakuna aibu.

*MAELEKEZO KWA KILA MWANACHAMA*

1. *Jua unachouziwa.* Kama kifaa kinawekewa laini ya simu, hiyo si faiba. Ni intaneti ya mnara, sawa na ya simu yako. Inaweza kukufaa, hasa ukiwa mbali na nguzo, lakini isiuzwe kwa jina na bei ya faiba. Faiba inaingia nyumbani kwa waya.

2. *Usitume pesa kwa namba binafsi ya mtu.* Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni yenyewe na upewe risiti. Wakala halali hakasiriki ukimwomba kitambulisho chake cha kazi.

3. *Uliza kabla ya kusaini.* Kisanduku cha karibu kiko umbali gani na nyumba yangu? Nguzo za ziada na waya nalipa nani? Kifaa ni changu au cha kuazima? Mkataba ni wa muda gani, na nikitoka katikati nadaiwa nini? Waya ukikatika, fundi anatoka wapi na ndani ya siku ngapi? Majibu yawe kwenye karatasi. Fundi akitoka Morogoro kila mara, jua kwamba mvua ikinyesha utasubiri.

4. *Ukihama, usikate ya zamani mapema.* Acha mpya ifungwe, ijaribu wiki nzima, hasa saa mbili hadi saa nne usiku wakati kila mtu yuko nyumbani. Ikikuridhisha, ndipo usitishe ya kwanza kwa maandishi. Rudisha kifaa cha watu na uandikiwe kwamba umekirudisha. Ukiweka jina na nywila ileile ya Wi-Fi kwenye kifaa kipya, simu na kompyuta za nyumbani zitaunganika bila usumbufu.

5. *Usitupe laini yako ya simu.* Umeme ukikatika, kifaa cha ukutani kinazimika pia, isipokuwa una betri ndogo ya kukishikilia. Tena tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ya kebo za baharini iliyumbisha intaneti nchi nzima. Hakuna njia moja isiyokatika.

6. *Linda waya.* Ndani ya faiba mna kioo, hamna shaba. Anayeikata kwenda kuuza kwenye vyuma chakavu hapati kitu, ila anazima zahanati, shule na jirani zake. Waelezeni vijana wetu. Na kama mfereji unapita shambani kwako, usizuie kazi, lakini dai makubaliano ya maandishi kuhusu mazao yako kabla ya jembe kuanza.

*KAZI YA TAWI KUANZIA SASA*

Mabalozi watapita kila kitongoji na daftari. Tutaandika jina la kaya, mahali ilipo, na kama iko tayari kulipia huduma kila mwezi. Hakuna pesa itakayokusanywa, hata shilingi mia. Jirani asiye mwanachama wa chama chetu, au wa chama kingine, naye aandikwe. Waya hauulizi kadi. Daftari halitakabidhiwa kwa kampuni moja. Litasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, au mkutano wa kitongoji kwa walio ndani ya mji mdogo, kisha diwani ataombwa alifikishe kwenye baraza la madiwani na kwa kila kampuni inayotaka kuja.

Pamoja na daftari tutapeleka madai matatu:

*La kwanza,* huduma ianzie shule, zahanati na vyuo kama VETA Mikumi. Taasisi hizo ni wateja wa uhakika, na kisanduku kikifika kwao, nyumba za jirani zinakuwa karibu.

*La pili,* nguzo zitakazosimikwa zitumike na kampuni zaidi ya moja, na kaya ipewe haki ya kutoka kwa masharti yanayoeleweka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa pili akija, wa kwanza atashusha bei.

*La tatu,* njia ya waya ipangwe na watu wanaoijua ardhi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliisomba reli upande wa Kilosa kuelekea Gulwe. Kama maji yaliweza kung'oa chuma, uzi wa kioo kando ya Mkondoa hauna lake. Wazee wa maeneo hayo wanajua maji yanapita wapi. Waulizwe.

Kwa wenzetu wa milimani, Vidunda na Uleling'ombe, hatutawadanganya. Faiba ya nyumbani haiko jirani nanyi, na atakayewaahidi hivyo anatafuta kura au pesa. Dai lenu ni mnara wenye kasi nzuri. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya maeneo yasiyovutia biashara. Mwezi Mei 2023 mfuko huo ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Tutamwomba diwani aulize kwa maandishi kata zetu zina nafasi gani kwenye mipango hiyo, na jibu tutalileta humu kama lilivyo.

*KWA WALIOTOA PESA*

Msifute ujumbe wa muamala. Leteni nakala kwa Katibu wa tawi kabla ya Jumamosi. Tutaandika barua moja kwa kampuni ambayo wakala alidai kuiwakilisha, kila jina na kiasi chake. Ikiwa hairidhishi, tutapeleka malalamiko TCRA, ambako mlaji ana haki ya kusikilizwa, na tutalijulisha Baraza la Ushauri wa Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Ikionekana wakala alijituma mwenyewe, ni kesi ya polisi, na viongozi wa tawi watasimama nanyi kituoni. Sisi ndio tuliosambaza ile namba, na hatutakaa pembeni.

Kuanzia leo, hakuna namba ya biashara itakayorushwa kwenye orodha hii kabla kamati haijamhoji mwenye nayo ana kwa ana.

Daftari linaanza Jumatatu. Balozi akibisha hodi, mfungulie na umuulize maswali.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi, kupitia Katibu Mwenezi.
_Sambaza kama ilivyo, usipunguze._