Vijana, tusiwe wageni ndani ya laptopu zetu

Mwanafunzi mmoja wa chuo tunayeishi naye ploti moja hapa Nairobi alipeleka laptopu yake kwa fundi kwa sababu ilikuwa ikijizima kila baada ya dakika 20. Akaambiwa mazabodi, ile bodi kuu, imekufa, atoe Sh9,000. Hela hizo hakuwa nazo. Siku mbili baadaye fundi mwingine aliifungua, akatoa vumbi lililoziba feni, akapaka upya dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa na kumtoza Sh800. Laptopu inapiga kazi hadi leo.

Fundi wa kwanza alikuwa tapeli? Huenda. Huenda pia hakujua. Lakini mgala muue na haki yake mpe: aliyemwezesha ni mteja ambaye hakuwa na swali hata moja la kumuuliza.

Wengi wetu tunatumia vipakatalishi vya mtumba, vile vya 'ex-UK'. Vinakuja na umri wao, kisha tunaviweka juu ya blanketi kitandani na kuziba matundu ya hewa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi ili ijiokoe, na joto likizidi, mashine hujizima. Wewe unadhani ni virusi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila baada ya miezi michache, zima mashine, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, kisha safisha matundu na feni kwa brashi laini. Ukipuliza hewa, zuia feni isizunguke. Weka nakala ya kazi zako kwenye flashi au diski ya nje kabla diski ya ndani haijaanza kulia. Betri ikivimba, acha kuitumia wala usiitoboe.

Hatua ya pili ndiyo wengi huiogopa: kusoma saketi. Ajabu ni kwamba tulishafunzwa. Katika Fizikia ya sekondari tulichora alama hizi, tukapita mtihani, tukazisahau. Mistari miwili sambamba isiyogusana ni kapasita, inayohifadhi chaji. Kijistatili, au mstari wa zigizaga, ni rezista, inayopunguza mkondo wa umeme. Pembetatu yenye kijistari kwenye ncha ni daiodi, inayoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ikiongezewa vishale viwili vinavyotoka nje, hiyo ni LED. Kwenye seli, mstari mrefu ni chanya, mfupi ni hasi.

Sasa tazama mazabodi yoyote iliyokufa. Utaona herufi ndogondogo: R ni rezista, C kapasita, D daiodi, L koili, Q transista, F fyuzi. Hiyo ndiyo ramani. Ukiwa na mita ya bei nafuu na umeme umezimwa, unaweza kupima F na kujua kama imekatika. Ila fyuzi haikatiki bure. Ukibadilisha bila kutafuta chanzo, itakatika tena. Na usifungue kisanduku cha pawa cha kompyuta ya mezani kama hujafunzwa, kwani kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Hatusemi kila mtu awe fundi. Tunasema shule zifungue kompyuta mbovu zinazooza stoo, wanafunzi wazishike, walinganishe mchoro wa daftarini na kitu chenyewe. Alama isiyoguswa husahaulika. Nawe kijana unayelia hakuna kazi, pita Luthuli Avenue uone wenzako wanaokula kwa jasho la soda na mita.

Na hata usipotafuta riziki huko, siku fundi atakapokuambia mazabodi imekufa, utamuuliza swali moja tu: "Umepima nini, kaka?" Jibu lake litakuokolea pesa.