Chembe za Chuma Zilizotelekezwa

Mwaka 2003, utafiti uliochapishwa katika The New England Journal of Medicine ulihusu wagonjwa 80 wa saratani ya tezi dume. Walitundikiwa dripu yenye chembe za nano za madini ya chuma, kisha wakapigwa picha za MRI siku iliyofuata. MRI ya kawaida ilibaini takriban theluthi moja tu ya tezi za limfu zilizoingiwa na saratani. Kwa chembe hizo, tisa kati ya kumi zilionekana.

Siri iko kwenye kinga ya mwili. Chembe hizo hufika kwenye tezi za limfu na kumezwa humo na seli zinazomeza uchafu. Tezi yenye afya hujaa chuma, ikatoka nyeusi pichani. Sehemu iliyokaliwa na saratani haina seli hizo, hivyo hubaki nyeupe, hata ikiwa na milimita chache tu. Chuma chenyewe mwili hukitumia baadaye kutengenezea damu.

Dawa hiyo, ferumoxtran-10, haikuidhinishwa Marekani, na Ulaya kampuni iliondoa ombi lake mwaka 2007. Wadhibiti siwalaumu kwa kudai ushahidi zaidi. Ferumoxytol, dawa ya jamii hiyohiyo inayotibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, iliwekewa onyo kali Marekani mwaka 2015 baada ya mzio kuua watu. Hakuna anayestahili kufa kwa sababu ya kipimo.

Kinachonichoma ni Feridex, dawa nyingine ya chembe za chuma, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa picha za ini. Hiyo ilikuwa na kibali, ikaachwa kutengenezwa kwa kuwa hailipi. Soko lilikwishatekwa na gadolinia, dawa nyingine ya kung'arisha picha za MRI, ambayo tangu 2006 imehusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi. Kweli, gadolinia za kisasa ni salama zaidi, na hapo hoja ya kampuni ina uzito: kwa nini kugharimia dawa ya chuma kwa wagonjwa wachache wa figo au saratani?

Kwa sababu wachache hao wanaumwa, na kwa wenye saratani, tezi iliyofichika huamua upasuaji wao. Hospitali ya chuo kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, imeirudisha ferumoxtran-10 kwa wagonjwa wake. Kama fedha za umma zingegharimia majaribio makubwa ya dawa za namna hiyo, pamoja na uchunguzi wa mzio, mgonjwa wa figo au saratani asingesubiri hadi ugonjwa wake uwe na faida kwa mtengenezaji.