Mti wa Mtaani Si Pambo la Geti

Tuseme ukweli, wadau. Mtu anayepanda mti mbele ya nyumba yake pale Sinza siku hizi hafikirii kivuli, anafikiria muonekano. Ndiyo maana kila ukikata kona unakutana na miashoki, mirefu na myembamba, imejipanga kama askari wa gwaride. Inapendeza, sibishi. Lakini saa saba mchana, mwezi wa Februari, jaribu kujikinga jua chini ya mwashoki. Kivuli chake kinamtosha mtu mmoja, tena asimame wima asitikisike.

Hoja yangu ni moja: mti wa barabarani uchaguliwe kwa ajili ya anayetembea kwa miguu, si kwa ajili ya anayepita na kiyoyozi ndani ya gari. Na anayetembea ni nani? Ni sisi tuliopanga mageto mtaani na bumu limekata. Ni mama lishe, ni bodaboda anayesubiri abiria, ni mtoto anayerudi shule.

Barabara ikipanuliwa au mtaro ukichimbwa, miti mikubwa ndiyo hutangulia kuanguka. Mwarobaini uliokaa miaka thelathini unamalizwa asubuhi moja. Mtaa ukibahatika kurudishiwa miti, unarudishiwa miashoki. Kwenye karatasi hesabu imetimia: umekatwa mmoja, imepandwa mitatu. Kwa aliyesimama kituoni anasubiri daladala, hesabu hiyo haijatimia hata kidogo.

Suala hili lina historia yake. Oysterbay ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya Wazungu, viwanja vikubwa, barabara zenye nafasi na miti mikubwa. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja, ili watu wa kawaida wapate sehemu ya kujenga. Manzese watu walijijengea wenyewe. Mpaka leo ukitoka Oysterbay mchana ukaingia Manzese, mpaka wa mitaa hiyo unausikia kwenye ngozi kabla hujauona kwa macho. Kwa hiyo tukiongelea kivuli tunaongelea haki, hatuongelei bustani.

Sasa, watetezi wa mwashoki nao wana hoja, tusiwapuuze. Mwashoki haugusi nyaya za umeme upande upande, haumwagi matawi kwenye bati la jirani, na unakaa kwenye kipande kidogo cha ardhi. Mkungu una kivuli kizuri sana, lakini majani yake makubwa yakidondoka kwenye mtaro ulio wazi, mvua ya masika ikija maji yanaingia ndani. Mkrismasi ukichanua Desemba unaondoa mawazo yote, lakini mizizi yake inapenda kutambaa juu na kunyanyua zege.

Jibu ni kuacha kuuliza "mti gani mzuri?" na kuanza kuuliza "mti gani, mahali gani?" Chini ya nyaya, weka mti mfupi, hata mpera unafaa, na watoto watakushukuru. Upande usio na nyaya, weka mwarobaini, au mkwaju, mti wetu wa asili unaovumilia kiangazi, ilimradi uupe nafasi. Kituoni na kwenye kijiwe, weka ule mti wa Madagaska wenye matawi yaliyotandaza ngazi kwa ngazi kama mwavuli. Mkungu upelekwe uwanjani au ufukweni, mbali na mtaro. Mwashoki nao ubaki pale penye uchochoro mwembamba. Haufukuzwi, unapangiwa kazi.

Tena tusihame kutoka ushabiki wa mti mmoja kwenda ushabiki wa mti mwingine. Miji ya Marekani ilijaza mitaa kwa miti ya elmu, ukaja ugonjwa wa kuvu unaosambazwa na wadudu, ikafa kwa mamilioni. Mitaa mingi ikarudishia miti ya ashi. Mwaka 2002, karibu na Detroit, akagunduliwa mdudu wa kijani kutoka Asia anayeula mti huohuo chini ya gome, na nayo ikaanza kufa mtaa kwa mtaa. Mtaalamu wao, Frank Santamour, alikuwa ameshaonya mwaka 1990: aina moja ya mti isizidi asilimia 10 ya miti yote ya mji. Wala tusiseme hayo ni ya huko. Kidukari wa saipresi alipoingia Afrika Mashariki miaka ya mwisho ya 1980, aliikausha misaipresi na nyua zake kuanzia Tanzania mpaka Kenya.

Halafu kuna tatizo letu sugu: tunahesabu miti iliyopandwa, hatuhesabu iliyopona. Kila halmashauri ina agizo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ikifika siku ya kupanda miti, picha zinapigwa na fulana zinagawiwa. Nenda Septemba ukaitazame ile miche. Mti wa mtaani unahitaji maji kwa kiangazi kama viwili na kizuizi dhidi ya mbuzi na magari. Mkandarasi aliyekata miti aachiwe sehemu ya malipo yake mpaka miche imalize miaka miwili ikiwa hai. Na pale inapowezekana, miche ipandwe kabla mti wa zamani haujaangushwa.

Sisi tunaingiaje? Geto ulilopanga lipo kwenye mtaa, na wewe ni mkazi wa mtaa huo. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda, usiwaachie wenye nyumba peke yao. Wanaosoma botania hapa chuoni, wenzetu wa mipango miji pale Ardhi na wa misitu kule SUA wana ujuzi wa kumwandalia mwenyekiti wa mtaa karatasi moja tu: barabara hii, nyaya ziko upande huu, mtaro uko huu, miti inayofaa ni hii. Kazi ya wikiendi mbili.

Tukikaa kimya, wataamua wanaopita na magari, na wao jua haliwahusu.