Bei ya Lile Pazia Ndani ya Ndege

Nilipotea kidogo, nilikuwa safarini. Semina ya siku tatu nje ya nchi, waandaaji wakanikatia tiketi ya daraja la kawaida, na wala silalamiki. Mtoto wa Mbagala kukatiwa tiketi ya ndege ni habari tosha.

Sasa wakati tunaingia ndegeni, begi begani, tunasukumana kama tunagombea gari la Kariakoo, nikamwona mshikaji niliyesoma naye chuo. Siku hizi ni mtumishi wa umma, tena mwenye cheo. Amekaa kule mbele kwenye viti vipana, juisi mkononi, viatu kashavua. Tukasalimiana kwa furaha mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Kwa utani nikamwuliza, "Kaka, hapo umekaa kwa shilingi ngapi?" Akacheka. "Hata sijui bwana, ofisi ndiyo imekata."

Nikaenda zangu nyuma, pazia likavutwa. Lakini lile jibu nilitembea nalo safari nzima, na nilivyozidi kulifikiria ndivyo nilivyoona kwamba amenijibu swali kubwa kuliko nililomwuliza: kwa nini tiketi ya daraja la biashara inauzwa mara tatu, mara nne, wakati mwingine zaidi, wakati wote tunafika saa ile ile?

Jibu la haraka ni kwamba kiti ni kikubwa. Ni kweli, na tuwatendee haki. Chukua Boeing 787-8. Air Tanzania wameipanga kwa viti 262: 22 vya biashara na 240 vya kawaida. Kenya Airways ndege aina hiyo hiyo wameipanga kwa viti 234: 30 vya biashara na 204 vya kawaida. Yaani Wakenya wameongeza viti 8 mbele, nyuma vikapungua 36. Gawanya mwenyewe: kila kiti kilichoongezwa mbele kimekula vinne na nusu vya nyuma. Hesabu hii ni ya juu juu, maana nafasi ya magoti na majiko navyo vina mchango wake, lakini picha unaipata. Aliyelala kule mbele analipia na viti ambavyo havipo.

Ingekuwa hivyo tu, ningeishia hapa. Tatizo ni kwamba bei inapanda hata pale ambapo kiti hakijabadilika. Ulaya, kwenye safari fupi, mashirika mengi yanauza daraja la biashara kwenye viti vile vile vya watatu watatu. Cha katikati kinaachwa wazi, chakula kinaboreshwa, basi. Na pazia lenyewe linasogezwa mbele au nyuma kulingana na wateja waliopatikana siku hiyo. Kiti kilichokuwa cha wakubwa asubuhi, jioni ni cha akina sisi.

Ukirudi kwenye historia ndiyo utaelewa. Miaka ya 1970 mashirika yalianza kuuza tiketi za bei poa kwa watalii ili kujaza ndege. Matokeo yake, mfanyabiashara aliyekata tiketi jana kwa bei kamili akajikuta amebanana na mtalii aliyelipa nusu yake. Wakaanza kulalamika. KLM mwaka 1976 wakawatengea waliolipa bei kamili sehemu ya mbele ya daraja la kawaida. Pan Am wakaja na Clipper Class mwaka 1978, Qantas wakaja na Business Class mwaka 1979. Kile kitanda cha kulala bapa British Airways walikileta mwaka 2000. Yaani bei mbili zilitangulia, kitanda kikafuata miaka zaidi ya 20 baadaye.

Kwa maneno mengine, hawa jamaa hawauzi kiti peke yake. Wanachopima ni mfuko wa mnunuzi. Daladala likikosa abiria linasubiri kituoni mpaka lijae, konda anapiga debe. Ndege haisubiri. Ikishapaa, kiti kitupu hakiuziki tena milele. Kwa hiyo wanauza mapema kwa bei ya chini kwa sisi tunaohesabu senti, halafu wanabakiza viti kadhaa kwa yule wa dakika za mwisho ambaye lazima asafiri, na anayelipiwa na mwingine. Huyo hata ukimpandishia bei hashuki. Ataulizia kiti cha dirishani tu.

Na ili mwenye uwezo asije akashawishika kukaa na sisi, nyuma pasiwe pazuri sana. Msidhani ni maneno ya kijiweni. Mwaka 1849 mhandisi Mfaransa, Jules Dupuit, aliandika juu ya mabehewa ya daraja la tatu yaliyokuwa hayana paa. Alieleza kwamba kampuni za reli hazikushindwa gharama ya paa. Ziliogopa kwamba likiwekwa, abiria wa daraja la pili watahamia la tatu. Maskini ananyeshewa ili tajiri aendelee kulipa. Ukiwa kiti cha nyuma, magoti yamegusa kidevu, mkumbuke huyo mzee.

Pamoja na hayo, mimi sina kinyongo na wa mbele. Kwa takwimu za IATA za kabla ya korona, abiria wa madaraja ya juu walikuwa kama asilimia 5 tu ya wasafiri wa kimataifa, lakini walileta karibu asilimia 30 ya mapato ya tiketi. Hao wakihama, tiketi yangu inapanda au ndege inaacha kuja. Nao hawawezi kuishi bila sisi. MAXjet, Eos na Silverjet walijaribu kurusha ndege za daraja la biashara tupu kati ya London na Marekani. MAXjet wakafa Desemba 2007, Eos Aprili 2008, Silverjet Mei 2008. Tunabebana, wadau.

Kinachoniuma ni pale "ofisi" inapokuwa ni mimi na wewe. Bosi wa kampuni binafsi akikata tiketi ya bei mbaya, hasara ni ya wenye hisa. Mtumishi wa umma akikatiwa, analipa mama muuza vitumbua kila anaponunua kitu chenye VAT.

Sitoi mambo hewani. Tarehe 20 Novemba 2015, akifungua Bunge pale Dodoma, Rais John Magufuli alisema safari za nje za Serikali na taasisi zake kwa miaka ya fedha 2013/14 na 2014/15 zilikula shilingi bilioni 356.3. Ndani yake tiketi za ndege peke yake zilikuwa bilioni 183.2. Mjini tulikuwa tunapiga kelele kuhusu posho, kumbe nauli ndiyo ilikuwa kubwa zaidi. Safari zikabanwa, zikahitaji kibali, na wengi tukashangilia.

Lakini kubana safari hakutibu ugonjwa. Kuna safari za lazima, na mtu anayeruka saa kumi usiku kucha kwenda kujadili mkataba asubuhi alale vizuri, mimi sina neno. Mzungumzaji mwenye usingizi anaweza kutugharimu kuliko kitanda. Ugonjwa ni kwamba anayekaa kwenye kiti hajui bei, na anayelipa hajaulizwa.

Napendekeza mawili. Kwanza, kila kibali cha safari kiandikwe bei za madaraja yote mawili, na msafiri aweke sahihi kwamba ameziona. Pili, mkutano unaojulikana tarehe yake miezi sita kabla usisubiri kibali cha siku mbili kabla. Kuchelewa kwetu ndiko kunakotugeuza kuwa wale wateja wa dakika za mwisho, na hapo hata daraja la kawaida tunanunua kwa bei ya ajabu.

Tulipotua nilimkuta mshikaji wangu anasubiri begi lake kwenye mkanda ule ule na mimi. Lake lilitangulia, nakiri. Nikamwambia, "Kaka, ukirudi ofisini waulize ile tiketi ilikuwa shilingi ngapi." Akanitazama kama vile nimemwomba mshahara wake. Ameahidi atauliza. Nasubiri.

Naomba kuwasilisha.