Gari la kwanza la rali lisiwe la turbo

Nakubaliana kwa mengi na mwandishi aliyewashauri wanaoanza rali, ila hapo aliposema wanunue Subaru ya turbo naomba nipinge. Anayeanza rali hahitaji nguvu nyingi. Anahitaji gari asiloogopa kulikwaruza. Toyota Starlet kuukuu inatosha kabisa: ni nyepesi, na spea zake unazipata Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, bila kuagiza Japani. Turbo itamaliza hela zako za matairi kabla hujajua kuzisoma kona.

Pesa utakayookoa ipeleke kwenye kizimba cha vyuma ndani ya bodi, cha kukukinga gari likipinduka. Gari likiwa na kizimba tayari, kabla hujalipa inama utazame alama za kuchomelea pale bomba la kizimba linaposhika sakafu. Zikiwa na vitundu, au bati la chini limeliwa na kutu, ondoka. Kisha nunua viti, mikanda, helmeti, kizimamoto, na bamba nene la kukinga sampu ya oili chini ya injini, maana mawe ya njia za Safari Rally kule Naivasha hayana huruma. Wala usidharau gari kuukuu: dereva Mkenya Joginder Singh mwenyewe alishinda Safari Rally ya 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika.

Vijana, msikope kwa ajili ya injini kubwa. Chukueni gari mnaloweza kulitengeneza likiharibika.